Bastola ya Mfukoni: Je, Tundu Kubwa Ndilo Nguvu?

Somo la redio la elimu ya watu wazima. Historia ya vyombo na ufundi.

Leo tutazungumza juu ya chombo kidogo sana, kiasi cha kuenea katika kiganja cha mkono, ambacho kimeacha alama kubwa katika historia ya Marekani. Chombo hicho ni bastola ya mfukoni iitwayo derringer. Tutauliza swali moja, kisha tutalifuata mpaka mwisho: je, bastola ndogo namna hii, yenye tundu kubwa, yamfaa kweli mtu anayeinunua ili imlinde?

Huenda utasema, “Swali hili lanihusu nini mimi? Sina bastola wala sitaki kuwa nayo.” Vema. Lakini ndani ya swali hili mna jambo linalomhusu kila mtu anayenunua kitu kwa kuogopa. Mtu mwenye hofu hupenda kuuziwa kitu kinachoonekana kikubwa. Yafaa basi tujifunze kupima kitu kwa kazi yake, tusikipime kwa sura yake.

Maneno ya somo

Kabla hatujaanza, tuweke sawa maneno machache. Kasiba ni ule mwanzi wa chuma ambamo risasi hupita. Tundu la kasiba ndilo hupimwa ili kujua ukubwa wa risasi. Wamarekani hupima kwa sehemu za mia za inchi; kwa hiyo wakisema bastola ya .41, maana yake ni kwamba tundu lake ni sehemu 41 za mia za inchi, yaani milimita 10 na kidogo. Fataki ni kile kikopo kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa na nyundo ya bunduki, na moto wake huwasha baruti. Kushindilia ni kutia baruti na risasi kwa mbele ya kasiba, kisha kuzisukuma kwa mdeki. Wazee wetu waliotumia gobore wayajua sana maneno haya, na bastola tutakayoisimulia, katika kizazi chake cha kwanza, ilikuwa nduguye gobore: ilishindiliwa vivyo hivyo.

Fundi wa Philadelphia

Henry Deringer alizaliwa mwaka 1786 katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki, mtu wa asili ya Ujerumani, na mtoto alirithi kazi hiyo. Alipokuwa kijana alihamia Philadelphia akafungua karakana yake. Kwa miaka mingi alitengeneza bunduki ndefu, nyingine kwa jeshi la Marekani, na nyingine kwa ajili ya biashara na wenyeji wa nchi ile, Wahindi Wekundu kama walivyoitwa wakati huo.

Bunduki hizo ndefu zingalimpa riziki, lakini hazikumpa jina. Jina alilipata kwa bastola ndogo aliyoanza kuitengeneza baada ya fataki kuenea na kuziondoa bunduki za gumegume. Bastola hiyo ilikuwa na kasiba moja tu fupi, kitako cha mti kilichopinda kama mdomo wa ndege, na mapambo ya madini meupe. Ilitoa risasi moja. Ukitaka ya pili ilikupasa kushindilia upya. Kwa sababu hiyo aghalabu ziliuzwa mbili mbili kama viatu, ili mtu awe na moja katika kila mfuko. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, hata alipokufa mwaka 1868, yakadiriwa kwamba karakana yake ilitoa bastola hizi zipatazo 15,000.

Hapa ndipo twakuta jambo la kushangaza. Bastola ni ndogo, lakini tundu lake ni kubwa. Tundu la kawaida lilikuwa .41, na nyingine zilipita hapo. Kwa nini fundi hodari atie tundu kubwa katika kitu kidogo namna ile?

Kwa nini tundu kubwa?

Jibu liko katika baruti nyeusi. Risasi hupata mwendo wake ndani ya kasiba, kwa kusukumwa na moshi wa baruti inayowaka. Kasiba ikiwa ndefu, msukumo huo hudumu, na risasi hutoka kwa mbio. Kasiba ikiwa fupi, risasi hutoka kabla msukumo haujamaliza kazi, na baruti nyingine huwakia nje hewani bila faida yo yote.

Fundi wa bastola ya mfukoni alijua kwamba hawezi kuipa risasi yake mbio, maana kasiba haikuzidi inchi chache. Basi alichoweza kufanya ni kuipa uzito. Akipanua tundu, risasi ya mviringo huwa nzito zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya ufundi. Tundu kubwa lilikuwa dawa ya upungufu wa kasiba fupi, wala halikuwa dalili ya nguvu nyingi. Likumbuke neno hili, maana watu wengi baadaye walilisahau, na wauzaji hawakuwa na haja ya kuwakumbusha.

Wakati huo bastola nyingine zilikuwa mzigo. Samuel Colt alipata hati ya kuilinda rivolva yake mwaka 1836, yaani bastola yenye gurudumu la risasi linalozunguka. Rivolva kubwa ya Colt ya mwaka 1847, iliyoitwa Walker, ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi. Chombo kama hicho chafaa mtu aliyepanda farasi. Mfanyi biashara aliyevaa koti zuri na kwenda kula chakula katika nyumba ya watu hakuweza kukivaa kiunoni. Kwa mtu kama yule, bastola ya Deringer ya gramu mia mbili na kitu ilikuwa kama saa ya mfukoni: ipo, na hapana aionaye.

Dhahabu ya California

Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California, na mwaka uliofuata maelfu kwa maelfu ya watu wakamiminika huko. Miji ikachipuka kabla ya polisi na mahakama kuwa na nguvu. Watu hawakujuana, fedha ilikuwa nyingi mikononi, na michezo ya kamari ilikesha. Katika hali kama hiyo bastola za Deringer zilinunuliwa sana, na mji wa San Francisco ukawa soko lake kubwa.

Je, zililinda watu? Twaweza kutazama kisa kimoja. Mwezi wa Novemba mwaka 1855, mcheza kamari mmoja jina lake Charles Cora aligombana na William Richardson, ofisa wa serikali ya Marekani aliyeitwa marshal. Walionana barabarani San Francisco, na Cora akampiga risasi kwa bastola ndogo ya namna hii, wakiwa wamesimama karibu kabisa. Richardson akafa. Mahakama haikuweza kukata shauri, na mwaka uliofuata raia waliojichukulia sheria mikononi mwao wakamnyonga Cora.

Tazama vizuri kisa hicho. Wawili walikuwa karibu hata kushikana, na maneno ya hasira yalikuwa yametangulia. Bastola ya mfukoni haikumzuia mwizi wala jambazi. Iliufanya ugomvi wa watu wawili kuwa mauti ya mmoja, na baadaye mauti ya wa pili. Silaha isiyoonekana haimtishi mtu, kwa kuwa hajui kama ipo. Huonekana wakati wa kutumika tu.

Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1865

Sasa tuje kwenye usiku ulioifanya bastola hii ijulikane ulimwenguni. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vinakwisha. Siku tano kabla, jemadari mkuu wa Kusini, Robert E. Lee, alikuwa amesalimu amri. Rais Abraham Lincoln alikwenda na mkewe kutazama mchezo wa kuchekesha katika jumba la Ford mjini Washington. Ilikuwa Ijumaa Kuu.

John Wilkes Booth alikuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza, tena mashuhuri. Alilijua jumba lile, na watu wa pale walimjua. Alikuwa mpenzi wa upande wa Kusini, na moyo wake ulijaa chuki. Yapata saa nne na robo usiku alipanda juu, akaingia nyuma ya chumba alichokaa Rais, akaufunga mlango kwa kipande cha mti. Akangoja mpaka watu wote wakacheka kwa nguvu. Kisha akampiga Lincoln risasi moja nyuma ya kichwa, akiwa karibu naye sana. Rais hakupata fahamu tena. Alikufa kesho yake, saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi, katika nyumba iliyokuwa ng’ambo ya barabara.

Bastola aliyoitumia Booth ilikuwa ya Deringer, yenye kasiba ya inchi mbili na nusu hivi, na uzito wa gramu 230 hivi. Iliokotwa sakafuni, na siku hizi yaonyeshwa katika makumbusho ya jumba lile lile.

Ndugu yangu, hapa yatupasa kutulia na kufikiri, maana mtu aweza kusema, “Basi bastola hii ina nguvu kweli, maana ilimwua Rais.” Tuichunguze hoja hiyo. Booth alikuwa na risasi moja tu. Alijua kwamba ikimkosa hana nyingine, kwa hiyo alichukua na kisu. Mara alipofyatua aliitupa bastola, maana ilikuwa haifai kitu tena, na Meja Henry Rathbone aliyekuwamo chumbani alipomrukia, Booth alimkata mkono kwa kisu. Mtu aliyempiga alikuwa amekaa kitini, amempa mgongo, hana habari. Shabaha haikuwa na kazi, wala umbali haukuwapo.

Usiku ule ule mwenzake Booth, Lewis Powell, alimvamia Waziri William Seward nyumbani kwake. Powell alichukua rivolva kubwa. Ilipokataa kulia, aliitumia kama rungu, kisha akachomoa kisu. Seward alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Twajifunza nini? Bastola ya Booth haikushinda kwa ukubwa wa tundu lake. Iliua kwa sababu ya siri na ukaribu, na kwa sababu mwenye kupigwa hakuweza kujitetea. Hizo ni sifa za silaha ya kuvizia. Mtu anayejilinda yuko katika hali kinyume kabisa: yeye ndiye anayeshtukizwa, hana nafasi ya kungoja watu wacheke, na pengine adui zake ni wawili au watatu.

Jina lililoibwa

Deringer mwenyewe hakuwa na hatia katika mauaji yale. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 78, naye alikuwa katika vita vyake mwenyewe, vita vya mahakamani. Hakuwa amechukua hati ya serikali ya kuulinda mtindo wa bastola yake, kwa hiyo mafundi wengi waliuiga. Wengine walipita mpaka: waliandika hata jina lake katika chuma. Baadhi yao walikuwa wafanya kazi waliowahi kufanya kazi kwake. Na katika shauri la muuzaji mmoja wa San Francisco, A. J. Plate, yasimuliwa hata habari ya fundi wa nguo aliyeitwa John Deringer, ambaye hakujua lo lote juu ya bunduki, lakini jina lake liliazimwa ili liandikwe juu ya bastola.

Deringer alishtaki. Mwaka 1865 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba alama ya mfanyi biashara ni mali yake, na kwamba mtu mwingine hana ruhusa ya kuitumia ili kuwadanganya wanunuzi. Shauri hilo latajwa hata leo na wanasheria wanaosoma historia ya alama za biashara.

Lakini sheria haiwezi kufunga midomo ya watu. Waigaji na waandishi wa magazeti waliliandika jina kwa herufi mbili za r, yaani derringer, na baada ya kifo cha Lincoln neno hilo likaenea kila mahali. Likawa jina la bastola yo yote ndogo ya mfukoni isiyo rivolva. Hivyo fundi alishinda kesi yake, lakini jina lake likawa la kila mtu, tena kwa tahajia isiyo yake.

Kasiba mbili za Remington

Baada ya vita bastola za kushindilia zilianza kupitwa na wakati. Risasi zenye ganda la shaba, ambamo baruti na fataki vimo pamoja, zilikuwa zimeingia sokoni. Mwaka 1866 kampuni ya Remington ilianza kuuza bastola iliyobuniwa na William Elliot. Ilikuwa na kasiba mbili fupi, moja juu ya nyingine, zilizoshikwa kwa bawaba. Ukiinua kasiba juu, ulitoa maganda ukatia risasi mpya. Nyundo ilikuwa moja, na ndani mlikuwa na pini iliyopanda na kushuka, ili safari hii igonge kasiba ya juu na safari ijayo ya chini.

Mtindo huo ulipendwa sana. Remington waliendelea kuutengeneza mpaka mwaka 1935, na idadi yake ilifika kama 150,000. Ukiona katika sinema mcheza kamari akichomoa bastola ndogo kutoka katika mkono wa koti, au mwanamke akiitoa mkobani, aghalabu ni hiyo unayoiona.

Bastola ile ilikuwa na kasoro zake. Haikuwa na ule upinde wa chuma wa kukinga kifyatulio. Nyundo ikishushwa, pini iliweza kulala juu ya risasi, na bastola ikianguka ikajigonga sakafuni, yaweza kulia yenyewe. Bawaba nayo ilikuwa nyembamba. Bastola nyingi za kale zilizobaki zina ufa mahali hapo hapo.

Hesabu ya nguvu

Sasa tufanye hesabu kidogo. Usiogope, ni hesabu ya kawaida. Risasi ya .41 ya Remington ilikuwa na kichwa cha gramu 8 na nusu hivi, na ilitoka kwa mwendo wa mita 130 kwa sekunde. Mwendo huo haufiki hata nusu ya mwendo wa sauti hewani.

Nguvu ya kitu kinachokwenda hutegemea uzito wake na mwendo wake, lakini mwendo huhesabiwa mara mbili, yaani huzidishwa kwa wenyewe. Ukiongeza uzito maradufu, nguvu huwa maradufu. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwa kipimo kiitwacho juli, risasi ile ya .41 ilikuwa na nguvu ya juli 70 hivi. Sasa linganisha. Risasi ya .22 ya siku hizi, ile nyembamba ya kujifunzia shabaha, yenye tundu linalokaribia nusu ya lile la derringer, hutoka katika bastola ya kawaida ikiwa na juli zaidi ya 100. Na bastola ya jeshi la Marekani ya mwaka 1911, yenye tundu la .45, hutoa juli 470 na zaidi.

Waona, basi. Matundu ya .41 na .45 yakaribiana sana, wala jicho haliwezi kuyatofautisha kwa mbali. Lakini nguvu zake zatofautiana karibu mara saba. Mtu aliyetazama tundu peke yake alidanganyika. Naam, risasi ile ndogo ya Remington iliweza kuua, hasa zamani zile ambapo kidonda cha tumbo kilioza na daktari hakuwa na dawa. Lakini mtu aliyepigwa aliweza kuendelea kupigana kwa dakika nyingi, na kujilinda ni kumzuia adui sasa hivi. Kufa kwake juma lijalo hakukusaidii.

Mafundi wa siku za baadaye

Katika karne ya ishirini baruti ilibadilika ikawa na nguvu nyingi, na chuma nacho kikawa imara zaidi. Mafundi wakarudi kwenye umbo la kale la Remington, lakini safari hii wakalitilia risasi za nguvu. Mwaka 1980 ilianzishwa kampuni ya American Derringer katika mji wa Waco, jimbo la Texas, na mwaka 1995 kampuni ya Bond Arms katika jimbo hilo hilo. Zilitengeneza bastola za kasiba mbili zenye risasi za .45, na ile ya Waco ilifika mpaka risasi ya .45-70. Risasi hiyo ilikuwa ya bunduki ndefu ya jeshi la Marekani tangu mwaka 1873, bunduki ya kuwekwa begani na kushikwa kwa mikono miwili.

Sasa je? Nguvu ipo. Lakini taabu haikuondoka. Imehama tu kutoka upande wa risasi ikaja upande wa mkono.

Kila risasi iendayo mbele huisukuma bastola nyuma. Hiyo ni kanuni aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687, wala hapana fundi awezaye kuihonga. Tuchukue mfano. Kichwa cha risasi kina gramu 16, nacho chatoka kwa mita 240 kwa sekunde. Kama bastola ina gramu 1,200, itarudi nyuma kwa mita 3 na kidogo kwa sekunde. Kama bastola ina gramu 400 tu, itarudi kwa mita 9 na zaidi kwa sekunde, na nguvu ya kukipiga kiganja itakuwa mara tatu. Tena hapo hatujahesabu msukumo wa moshi wa baruti. Na kitako cha kupokea pigo hilo ni kidogo, chatosha vidole viwili au vitatu.

Mtu akipigwa hivyo kiganjani mara mbili au tatu hujifunza kufumba macho kabla ya kuvuta. Kwa sababu ya maumivu huacha kufanya mazoezi. Kwa kuwa hafanyi mazoezi, hawezi shabaha. Nyundo lazima aivute kwa kidole gumba kila mara kabla ya kufyatua, na kifyatulio ni kigumu. Baada ya risasi mbili lazima afungue bawaba, atoe maganda, atie risasi upya, na mikono yake yatetemeka. Wakati huo huo kasiba ni fupi, kwa hiyo sehemu ya baruti yawakia nje kwa mwanga na kishindo cha kupofusha na kuziba masikio. Mtu amelipia nguvu ambayo sehemu yake yapotea hewani.

Bastola ya dola mbili

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walitengeneza bastola iliyoitwa FP-45, yenye risasi moja ya .45. Kiwanda kimoja cha kampuni ya General Motors kilichokuwa kikitengeneza taa za magari huko Anderson, Indiana, kilitoa kama milioni moja kwa miezi michache. Gharama ya kila moja ilikuwa dola 2 na senti kadhaa. Ndani ya kasiba hapakuwa na ile mifuo ya kuzungusha risasi, kwa hiyo shabaha yake ilikuwa ya hatua chache tu. Nia ilikuwa kuzigawa kwa watu walio chini ya utawala wa adui, ili mtu amvizie askari mmoja, ampige kwa karibu, kisha achukue bunduki yake iliyo bora.

Waliofikiri mpango huo walikuwa wakweli. Hawakusema kwamba bastola hiyo itamlinda mtu. Walisema ni chombo cha kupatia chombo kingine. Hata hivyo chache tu zilifika kwa watu waliokusudiwa, na nyingi ziliharibiwa baada ya vita.

Sheria na silaha ya kuficha

Watawala waliiona hatari ya silaha ya kuficha mapema. Majimbo ya Kentucky na Louisiana yalitunga sheria mwaka 1813 za kukataza watu kuchukua silaha kwa kificho, na Alabama ikafuata mwaka 1839. Mwaka 1879 Tennessee ilikataza kuuza bastola ndogo, ila zile kubwa za jeshi. Baadhi ya wanahistoria wameonyesha kwamba sheria kama hiyo ilikuwa na ncha mbili: bastola za jeshi zilikuwa ghali, kwa hiyo maskini, na hasa Waafrika waliotoka utumwani, walikatazwa silaha na matajiri hawakukatazwa. Huku kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania, kuwa na bastola bila leseni ya serikali ni kosa la jinai, iwe kubwa iwe ndogo.

Tena iko hatari ya nyumbani. Bastola ndogo hufichwa chini ya mto au katika mtoto wa meza, na mkono wa mtoto waenea juu yake vizuri kuliko mkono wa baba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulionyesha pia kwamba katika nyumba yenye bunduki, mtu hukaribia zaidi kujiua kuliko katika nyumba isiyo nayo.

Jibu letu

Sasa tulijibu swali la mwanzo. Bastola ya mfukoni yenye tundu kubwa yamfaa nani?

Yamfaa mkusanyaji wa vitu vya kale na makumbusho, maana ndani yake mna ufundi na historia. Yamfaa pia mtu anayependa mashindano ya shabaha kwa silaha za kizamani, kama yafanywavyo Marekani. Kwa mtu anayetaka kujilinda ni chombo cha mwisho kabisa, cha umbali wa mkono, chenye nafasi moja au mbili tu. Ile ya kale ilikuwa na tundu kubwa bila nguvu. Ile ya sasa ina nguvu, lakini wachache wawezao kuitawala. Na tangu Cora mpaka Booth, sifa yake iliyoonekana wazi kuliko zote ni kwamba yafichika. Sifa hiyo yamsaidia zaidi anayevizia kuliko anayeviziwa.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Kila kitu kiundwacho kina kusudi lake na mipaka yake. Ukiuziwa ulinzi, iwe ni kufuli, mbwa, dawa au silaha, usiulize kwanza ni kikubwa kiasi gani. Uliza: kitafanya kazi gani, kwa umbali gani, mikononi mwa nani, na kikishindwa mara ya kwanza, nitabaki na nini?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kwa nini Henry Deringer alitia tundu kubwa katika bastola ndogo?
2. Risasi ya .41 na risasi ya .45 zakaribiana kwa upana. Kwa nini nguvu zake zatofautiana sana?
3. Booth alichukua kisu pamoja na bastola. Jambo hili latuonyesha nini?
4. Bastola nyepesi humsukuma mpigaji zaidi kuliko bastola nzito yenye risasi ile ile. Eleza sababu kwa maneno yako mwenyewe.
5. Taja kitu kimoja kinachouzwa mahali pako ambacho watu hukisifu kwa ukubwa wake. Je, kazi yake yalingana na sifa yake?

Zungumzeni kwa utaratibu, na kila mtu apewe nafasi ya kusema, mzee kwa kijana. Mpaka somo lijalo, kwaherini.